Wiki Yako ya Kambi

Mwaitu,

Leo nimerudi kazini miguu imevimba, nikavua viatu mlangoni hapa mtaani Umoja na kujitupa kitini bila hata kuwasha jiko. Watoto wameuliza tutakula nini, nikawaambia wamuulize baba yao. Ni mwaka sasa, mama yangu, tangu tukuzike, na bado nikikaa hivi naona kama utatokea jikoni uniulize nimestarehe kwa raha gani na vyombo viko kwenye karai. Basi hapohapo kitini nimeamua kukuandikia, maana kuna jambo nimelibeba tangu niko kidato cha pili, na nimechoka nalo. Ni ile wiki yako ya kambi.

Unakumbuka ulivyoingoja? Kanisa letu la mtaa wa Jericho lilikuwa likiwapeleka akina mama Machakos kila Agosti, kwenye shule ya bweni ambayo wasichana wake wamekwenda likizo. Siku sita za kula, kucheza na kulala, basi. Kutoka kwetu walikwenda sita kila mwaka, kwa kufuata daftari la majina, wakaungana huko na akina mama wa makanisa mengine, na sheria kali mliitunga wenyewe: atakayeondoka kabla kambi haijafungwa, jina lake linashuka mpaka chini kabisa. Mliitunga kwa sababu zamani wengine walikuwa wakipanda basi la kanisa, wakifika huko wanapotelea makwao kukagua mashamba na mbuzi. Zamu yako ilipofika ulikuwa umeshangoja miaka saba.

Uliazima sanduku la bati kwa jirani, ukapanga blanketi, kikombe na sabuni kama msichana anayeanza shule. Ukaenda soko la Gikomba ukanunua raba za mitumba, nyeupe, ukazijaribia ndani, unakimbia kutoka kitandani hadi mezani huku leso inakudondoka. Baba alisimama mlangoni akicheka, akauliza kama umeandikwa jeshini. Kesho yake naye akaondoka na lori kwenda Mombasa, nikabaki mimi Ndinda wako na wadogo zangu watatu, Mwende akiwa wa mwisho, ana miaka minne.

Mambo ya huko ulinisimulia baadaye, kidogokidogo, tukichambua mboga. Wanaume wa kanisa ndio waliopika, na hakuna mama aliyeruhusiwa kushika mwiko. Uji ulikuwa na madonge, mkaunywa hivyohivyo. Baada ya chakula cha mchana kengele iligongwa, kila mtu kitandani, hiari hakuna. Siku ya kwanza ulilala macho wazi ukitazama vyuma vya kitanda cha juu, kwa sababu hukujua mtu mzima anayefumba macho saa nane mchana anatakiwa afikirie nini. Halafu netiboli. Wewe, ambaye sikuwahi kukuona ukikimbia ila mvua ikitaka kulowesha nguo kwenye kamba, ulichaguliwa kuwa mfungaji wa bweni lenu. Fainali ilikuwa Ijumaa.

Nami huku nyumbani Jumatatu nilijitahidi. Jumanne uji uliungua. Jumatano Mwende aliamka amelowesha kitanda, maji yakawa yamekatika, nikapanga foleni na ndoo tangu asubuhi, na niliporudi vijana wako wawili walikuwa wamekaa palepale, vyombo vya jana mbele yao, wananiuliza chai iko wapi. Sikuwa na shida nyingine, Mwaitu. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyelala njaa. Nilichoka tu, na hasira ikanipanda kwamba wewe uko mahali unacheza mpira. Nikaenda kwenye kibanda cha simu karibu na soko, na ile namba ya shule uliyotuachia kwa ajili ya dharura. Nikamwambia aliyepokea amwambie Mama Ndinda, yaani wewe, kwamba Mwende ana homa kali, anatapika tangu usiku. Hata sauti niliitetemesha vizuri.

Jioni hiyohiyo ulifika, sanduku begani. Mwende alikuwa nje anaruka kamba na wenzake. Ulimshika paji la uso, ukamshika shingo, ukamwacha arudi kuruka. Nikajikaza kungoja kofi. Ulinitazama kidogo, ukaniuliza:

"Umekula?"

Nikasema bado. Ukajifunga leso, ukawasha jiko. Hukusema lolote siku hiyo wala kesho yake, nami nikajiambia umeamini kwamba homa ilikuja ikapita. Ilinifaa kuamini hivyo. Jina lako likashuka chini ya daftari kama sheria ilivyotaka, na ilipokaribia kukufikia tena magoti yako yalikuwa yamekwisha, ukasema apewe mwingine. Zile raba ulinipa mimi nivae shuleni, na nilizivaa, Mwaitu, mpaka zikatoboka.

Mwezi uliopita Mama Syombua, yule aliyelala kitanda cha juu yako kule kambini, alikuja hapa na daftari. Sasa yeye ndiye katibu. Alikuja kuniambia zamu yangu imefika. Nikamwambia alikate jina langu, akauliza kwa nini, nikamwambia yote, nikilia mbele ya watoto bila aibu. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwamba siku ile msimamizi wa kambi alikusihi upige kwanza simu kwa karani mmoja jirani yetu aliyekuwa na simu, uhakikishe kama mtoto ni mgonjwa kweli, usije ukapoteza zamu yako bure. Wewe ulikuwa umeshaanza kukunja blanketi. Ukamjibu:

"Mwende hana homa. Ni Ndinda amechoka."

Kumbe ulijua kabla hujapanda basi. Miaka yote hii nilidhani nilikuibia wiki yako kwa uongo, kumbe uliniachia kwa hiari yako, ukaja ukaniuliza kama nimekula. Sijui nifanye nini na jambo kama hilo. Lingekuwa kofi ningelisahau.

Mama Syombua alikataa kulikata jina. Kwa hiyo Agosti naenda, na Mwikali wangu, aliye na miaka kumi, ameshaanza kuringa kwamba ataiweza nyumba. Nimemwandikia namba ya simu ya shule. Tangu hapo najiuliza kila jioni: akinipigia siku ya tatu, anidanganye kama nilivyokudanganya, nami niusikie uongo kwenye sauti yake, je, nitakunja blanketi?

Ningependa kukuambia ndiyo. Lakini wewe hudanganyiki, na mimi nimechoka mno kukudanganya mara ya pili. Akipiga, nitageukia ukutani kulekule kambini, Mwaitu, nilale.

Ni mimi kifungua mimba wako,
Ndinda