Kengele Kule Mnarani

Kaka yangu Kishada,

Pokea salamu zangu kwanza, mengine yatafuata. U hali gani huko uliko? Wifi hajambo? Na yule mtoto ameshaanza kusimama, au bado anatambaa na kula mchanga kama baba yake alivyokuwa? Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili. Kikohozi ulichoniacha nacho kimepona. Paa la karakana halivuji tena, maana jirani yetu Seremala alipanda akaliziba, akashuka akilalamika kwamba ukoo wetu haujui kitu isipokuwa magurudumu.

Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena. Unanijua, mdomo wangu hauna likizo. Baba hakuniita Chiriku bure. Lakini hili limenikaa kooni tangu siku ile nilipokusindikiza stendi baada ya mazishi. Ulikuwa umeshaweka mguu kwenye ngazi ya basi, ukageuka ukaniuliza kama baba kabla hajafa alisema neno lolote juu yako. Nikakujibu hakusema. Niliuona uso wako ulivyobadilika, basi likaondoka, nami nikabaki pale nimesimama na mkono juu. Kaka, alisema. Kaa chini nikueleze, na tafadhali soma mpaka mwisho ndipo unitukane.

Kwanza ujue kwamba baba alikuwa haoni. Miaka hii yote uliyokuwa mbali macho yake yalikuwa yakififia, na mwaka huu wa mwisho alibaki anatenganisha mwanga na kivuli tu. Alinikataza nisikwambie. Kila nilipomsihi aliniambia mtu aliyeondoka kwa hasira haitwi arudi kwa huruma. Mbishi yule! Kazi ya kuwapeleka wageni msituni kwa baiskeli nikaishika mimi, naye akabaki karakana akitengeneza kwa vidole. Baiskeli ikipita barabarani alijua ya nani kwa kusikiliza tu. Hii mnyororo mkavu, akasema, ile pedali imelegea, na huyu anayepita ni mwalimu, mwambieni atie mafuta aache kututesa masikio.

Baiskeli yako ilining'inia ukutani palepale ulipoiacha. Baba aliifuta vumbi mwenyewe na hakuruhusu mtu aipande. Hata mimi! Niliwahi kumwomba nikaambiwa nisubiri mwenyewe arudi. Unakumbuka ulivyoitoa grisi friwili yake, ile ya gurudumu la nyuma, ili ilie kwa kelele ukiteremka, na watu wakimbie njiani? Mara nyingine baba alilizungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza mpaka likasimama, halafu akarudi kwenye kazi yake bila neno.

Sasa sikiliza. Mwezi mmoja kabla hajatutoka, baba alitaka apelekwe mnarani, kwenye yale magofu ya mlimani tulikozoea kuwafikisha wageni. Daktari alikuwa ameshatuambia moyo wake umechoka, asipande milima. Ukimwambia baba asipande mlima ni sawa na kumwambia bata asiguse maji. Seremala akajitolea kumpeleka kwa ile baiskeli ya watu wawili, yeye akiwa mbele kwenye usukani, baba nyuma akisaidia kukanyaga. Mimi niliwaaga nikasema sitakwenda, kuna mteja anafuata baiskeli yake. Basi baba aliondoka akijua nimebaki karakana.

Mteja akaja mapema akaondoka. Roho haikunitulia, nikasema niwafuate, lisije likatokea jambo huko juu. Baiskeli yangu ilikuwa imepinda rimu, mgeni mmoja aliipigiza kwenye daraja la mawe wiki ile. Nikaitazama yako ukutani. Nikaishusha. Ningefanyaje?

Njia yetu bado ni nzuri, Kaka. Misonobari imerefuka, ukiingia chini yake tairi halisikiki, unapita juu ya majani makavu kama juu ya zulia. Daraja la mawe limeota nyasi, lakini limesimama. Nililia kidogo pale kwenye mteremko wa daraja, maana ndipo alipoangukia yule mgeni wetu akavunjika mfupa wa bega, na ndipo nyumba yetu ilipovunjika. Sina haja ya kukukumbusha. Breki zilikatika, ukaapa hukuigusa baiskeli ile, na baba akakuita mwongo mbele ya wageni wote, akakwambia usikanyage tena karakana yake. Asubuhi yake ulikuwa huonekani.

Nilipokaribia mnara nilifuata ile njia ya juu inayozunguka ukuta ulioanguka, nikateremka bila kukanyaga. Friwili ikalia. Baba alikuwa ameketi peke yake juu ya jiwe la mlangoni, pale alipozoea kuwaambia wageni kwamba mnara huu ulijengwa na watu waliomwogopa adui ambaye hakuja kamwe. Seremala alikuwa ameshuka kijitoni kuchota maji. Nikashika breki, na kabla sijafungua mdomo nimwambie Baba, ni mimi, alisimama. Hakuishika hata fimbo yake. Uso wake, Kaka! Sijapata kuuona uso ule tangu mama alipokuwa hai. Akaita jina lako.

Ningesema. Nakuapia nilitaka kusema. Lakini alikuwa ameshaanza kuzungumza, na alizungumza haraka kama anayeogopa utaondoka. Alisema usimkaribie kwanza, umwache amalize, maana ukimshika atashindwa. Akasema zile breki za baiskeli ya mgeni alizifunga yeye. Alfajiri ile alizifunga kwa kupapasa kwa sababu macho yalikuwa yameshaanza kumkimbia, naye alikuwa akituficha sote. Kisha sheria yake mwenyewe, ile aliyotuimbia tangu utotoni, kwamba aliyefunga breki ndiye wa kwanza kuteremka nazo, hakuitimiza, maana aliogopa kuteremka asikokuona. Akampa mgeni baiskeli hivyohivyo. Mgeni alipoanguka, baba alijua palepale kosa ni la nani. Lakini watu walikuwa wamesimama wanamtazama, nawe ulikuwa karibu, akakutupia wewe.

Alisema alikuita mwongo akijua mwongo ni yeye. Alisema kila siku alijiambia kesho ataniagiza nikuandikie, na kila kesho ikampa haya zaidi ya jana. Alisema wewe ndiye fundi mwaminifu kuliko wote aliowafundisha, nami nikiwamo, na hapo, samahani, hata katikati ya machozi niliona wivu. Akasema hataki maneno, hastahili maneno. Akaniomba, yaani akakuomba wewe, kwamba kama umemsamehe upige kengele mara moja, kama tunavyofanya njiani, anayekuja nyuma anapomwambia wa mbele kwamba yupo na hana neno. Na kama hujamsamehe, ushike njia yako tu, hatakulaumu.

Akatega sikio. Kaka, mimi Chiriku, nisiyenyamaza hata nikila, sikuwa na sauti. Nikisema ni mimi, mzee yule angeanguka pale kwa aibu, siri yake ameshaimwaga kwa asiyekusudiwa. Nikiondoka kimya, ningemwachia hukumu ambayo hukuitoa wewe. Kidole changu kilikuwa juu ya kengele yako.

Nikaipiga mara moja.

Baba akafunika uso kwa mikono miwili, akalia na kucheka kwa pamoja. Halafu akanyoosha mikono nimwendee. Ningekwenda vipi? Angenishika kichwa akagusa nywele zangu, na yote yangebomoka. Nikageuza baiskeli nikateremka njia ya nyuma kama mwizi, machozi yananiziba macho, nikawa sioni njia kama yeye.

Nilifika nyumbani kabla yao, nikaitundika mahali pake. Baba alipoingia alinieleza kwa furaha kwamba umerudi, kwamba unaona haya kidogo, tukupe nafasi, utakuja mwenyewe. Seremala aliniangalia, akaangalia matope kwenye viatu vyangu, akaaga akaenda zake. Tangu siku hiyo baba hakutaka mlango wa mbele ufungwe. Aliniuliza umelala wapi, nikamwambia kwa rafiki. Aliniuliza umekula nini, nikabuni. Alicheka akasema Kishada anataka kubembelezwa. Uwongo ukizaa haunyonyeshi mmoja, Kaka, nililea wengi mwezi ule. Nilikupigia kila siku uje kweli, namba ikawa haipatikani. Ulipopatikana kupitia kazini kwako, ilikuwa ya kukwambia uje kuzika.

Alikufa mchana, kitini, karakana, akinisubiri nimletee chai. Alikuwa mtulivu. Watu walisema amekufa kama mtu aliyesamehewa, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba msamaha ule niliutoa mimi.

Ndiyo maana pale stendi nilikujibu hakusema. Kukupa maneno yake kulikuwa ni kukiri kwamba nimekwishakujibia. Sasa umeyapata yote. Hukuwa mwongo, na baba alikufa akilijua hilo na akilisema. Lakini kengele haikuwa yangu. Kama moyoni mwako ungeipiga, niandikie neno moja tu, nitalipeleka pale alipolala na kumsomea kwa sauti, nimwambie safari hii ni mwenyewe. Na kama usingeipiga, Kaka, usinifiche. Yeye alipumzika kwa jambo lisilo la kweli, na mzigo huo ni wangu, siyo wako.

Nisalimie wifi sana, nibusie mtoto. Seremala anakusalimu, na mwalimu pia. Mnyororo wake bado haujatiwa mafuta.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda na kukuogopa leo,

Chiriku