Jina Nililomwahidi Mutale

Mpendwa Mama Mshauri, naomba unisaidie upesi, maana Jumapili mtoto wetu anabatizwa na jina lake bado linagombaniwa. Sisi ni watu wa Kasai, mume wangu Émile ni karani wa reli, tunakaa mtaa wa Makomeno, na jirani yetu Mutale ni Mbemba wa Sakania, mwenyeji wa huku, na mwezi uliopita uchungu ulinishika mchana, mvua inanyesha sana, Émile yuko kazini, ndiye Mutale aliyenizalisha kwa mikono yake akamfunika mtoto kwa kitenge chake, nami nikamwahidi kwamba mtoto ataitwa Mutale, akalia kwa furaha kwa sababu yeye hakujaliwa kuzaa. Lakini tangu uchaguzi wa Desemba watu wanaulizana kabila kwanza, salamu baadaye, na wenzake Émile wa chama cha Wakasai wamemwambia mtoto wetu hawezi kubeba jina la Kibemba, basi juzi Mutale alipoleta uji akiuliza, "Mutale mudogo alilala muzuri?" Émile akamjibu, "Huyu iko Tshimanga, jina ya baba yangu. Hakuna Mutale mu hii nyumba." Mutale akaweka bakuli chini akaenda zake, mimi nikaliingiza bakuli ndani, na sasa nikisikia sauti yake nafunga mlango. Nifanye nini, na mume ni mume?

Léonie, Makomeno

Léonie mwanangu, pole sana. Kuzaa mbali na mama yako si jambo dogo, na kusimama kati ya mume na jirani kunachosha. Lakini kwa huo mlango unaoufunga sikupi pole. Mutale hakukuuliza kabila ulipokuwa unapiga kelele. Na uji wake, uliunywa? Nadhani uliunywa.

Émile si mtu mbaya, anaogopa wenzake. Akiisha kula, mwulize kwa upole, "Baba, siku ile ya mvua chama ilikuwa wapi?" Kisha mwondolee sahani, mwache atafute jibu. Jina la mkwe wako usilikatae, mtoto anaweza kubeba yote mawili. Padri akiliandika la Mutale, vizuri. Asipoliandika, wewe mama yake una kinywa, na ahadi ni deni.

Ila usingoje Jumapili. Osha lile bakuli leo. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, kwa hiyo nenda nalo pamoja na mtoto. Omba msamaha, mweke mtoto mikononi mwa Mutale, umwite mtoto Mutale, kwa sauti, Émile asikie.