Majina Yapo Ndani ya Picha, Nyuso Hazijaguswa

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijapoteza kitu ambacho sitakipata tena. Tarehe 17 Juni 2017, hapa Chiola, nilipiga picha arobaini na sita kwenye hitima ya bibi yangu, na nusu ya wazee waliomo wameshafariki, na anayewajua wote kwa majina amebaki mama mkubwa tu, ambaye siku hizi wakati mwingine ananiita kwa jina la marehemu mama yangu. Mwezi uliopita tulianza kukaa na kompyuta, yeye anataja, mimi natagi, yaani naandika majina ndani ya faili la picha, na nilipofungua maelezo ya faili la kwanza nikakuta siku na saa ile ile niliyoiandika kwenye daftari langu la kumbukumbu, saa kumi na dakika arobaini jioni, miaka yote imekaa humo kimya.

Mama mkubwa akauliza, "Huyo mzee Masoudi umemwandika wapi? Mgongoni mwa picha?"

"Ndani, mama."

Akainamia kioo. "Ndani? Na uso haujachafuka! Wallahi, hawa watu wa kompyuta!"

Lakini tarehe 9 mwezi huu niliituma picha hiyo kwenye kundi la simu la ukoo, binamu yangu Huzaifa, mwenye studio Ruangwa, akaipakua ili aichapishe, kisha akanipigia: "Dada, umeiua. Ulisema MB nne, hapa naona KB mia moja na tisini, wazee wote wana nyuso za uji. Hayo majina yanakula picha!" Nakiri kwa nini nilimwamini: nikiwa kidato cha pili niliandika jina la baba nyuma ya picha yake pekee, nikakandamiza kalamu, na mpaka leo ana mchirizi shavuni. Basi nimeishia picha ya kumi na mbili, nimemdanganya mama mkubwa kwamba kompyuta imeharibika, na kila asubuhi anauliza, "Imepona?" Nifute majina?

Mwamini, Chiola

*

Mwamini, pole kwa shavu la baba, lakini kalamu hii haina ncha. Ndani ya faili picha ina sehemu yake na majina yana sehemu yao. Ukoo mzima unaingia humo kwa KB chache tu, na hakuna nukta hata moja ya uso inayosogea. Nami bado nashangaa kama mama mkubwa.

Kilichoharibu ni kutuma. Programu za ujumbe huibana picha isafiri haraka, na mara nyingi majina hudondoka njiani. Mwambie Huzaifa ayatafute kwenye hiyo picha yake ya uji. Nadhani hatayakuta. Sasa yamekulaje picha?

Usifute kitu. Faili la asili limo kwenye kompyuta yako, zima. Weka nakala kwenye flashi mbili, na moja mpelekee Huzaifa kwa mkono. Usizihariri picha na kuzihifadhi upya kila mara, maana hapo ndipo ubora hupungua kweli.

Ila nakulaumu. Umeandika tarehe za kila kitu, hukuandika asubuhi ulizompotezea mama mkubwa kwa uongo. Picha zinaweza kusubiri, yeye hawezi. Zimebaki thelathini na nne. Kesho akiuliza, mjibu, "Imepona, mama," umsogezee kiti.