Babu kagomea namba za skrubu

Oya Murtaza, niko hospitali na babu Obedi, nimeaibika mpaka jasho.

Si unajua leo anafungwa vyuma kwenye pingili za kiuno. Miezi minane hajasimama bila kushika ukuta. Kila kitu kilikuwa tayari, imebaki saini yake tu.

Dokta Restuta kampa shikamoo, kamwonyesha picha, freshi. Halafu akamwambia kila skrubu ina namba iliyosajiliwa, ili ikigundulika kiwanda kilikosea wamtafute kwa namba hiyo.

Babu akarudisha kalamu.

"Ng'ombe wangu wote kule Bahi nimegoma kuwavalisha hereni za namba. Leo mnanivalisha mimi?"

Mwanangu. HERENI. Wodi nzima ikageuka kututazama.

Dokta anamwambia, "Babu, ni kwa usalama wako." Babu anajibu, "Hata wale wa hereni walisema hivyohivyo."

Nikamwambia babu saini, la sivyo hutatembea tena. Akasema ninyamaze. Akamgeukia dokta: "Kwenye daftari lenu, mmiliki wa hizo skrubu ni nani?"

Dokta kachoka. Akachukua kadi yenye zile namba, akaandika kwa mkono: Mmiliki, Obedi Chibago. Babu akaisoma mara tatu, ndo akasaini.

Sasa hivi wanampasua. Kadi ninayo mimi, maana kasema mifugo ikiingia josho, mchungaji ndo anashika kadi na habanduki mlangoni.

Mwanangu nimebanwa mkojo, na nipo hapahapa mlangoni.