Nani Atamwogesha Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Juni 1956

Nisamehewe. Toka Kwaresima sijaandika hata mstari. Mama mkwe tumemzika, mahindi yamevunwa, mtoto hataki kuachia ziwa, na kalamu ilipotea. Leo nimeikuta kwenye kapu la karanga.

Asubuhi kama siku zote. Kuni, maji, uji. Bakuli la baba mkwe kapeleka binti yangu Vero. Ana miaka minne, nusu ya uji inamwagika njiani na nusu nyingine anaionja. Sina jinsi. Mimi ni mkwe. Chumbani kwa baba siingii, mbele yake sili, hatutazamani, na jina lake hata hapa siliandiki. Toka miguu yake ilipokufa, mkewe ndiye alikuwa anamhudumia. Sasa mkewe hayupo. Anselmi mume wangu yuko kazi ya reli, Kaliua. Mjukuu wa kiume angefaa, lakini tunaye mmoja tu, na ndiye huyu ananing'ata.

Anayemwogesha baba ni Mashaka, mtani wa ukoo wao. Alikuja msibani toka Ugalla, akachimba kaburi, akatutania mpaka wafiwa wakacheka, halafu akabaki. Mtani hana aibu na mtu. Anamvua, anamsugua, anamtukana. Leo nimemsikia toka jikoni: "Mzee, huu ni mgongo au barabara ya Karema?" Baba akacheka mpaka akakohoa. Siku ikianza hivyo hata jembe linakuwa jepesi.

Jioni Mashaka kaniambia anaondoka Jumamosi. Mkewe ameagiza, karanga zinakaukia ardhini na yeye yuko huku Mpanda mjini anaogesha watu. "Mtani halipwi, shemeji. Ila na mtani ana tumbo."

Nimeogopa. Nimeogopa sana.

Jumatano, 6 Juni

Juzi nilituma neno Kakese kwa shemeji Kasiano, mtoto mkubwa wa baba. Mizinga ya baba iko msitu wa Ugalla, aliichonga na kuitundika mwenyewe enzi ana miguu. Sasa Kasiano ndiye anarina, anauza asali na nta. Nimemwomba sehemu ya mizinga iwe ya Mashaka, ili abaki. Si kitu kikubwa.

Jibu limeletwa na mama muuza viazi. Kasiano anasema kumtunza mzazi si kibarua. Ukoo wao hauajiri mtu wa kumwogesha baba yao.

Maneno mazuri sana. Basi aje amwogeshe yeye. Nimefua kwa hasira leo. Shati la Anselmi limebaki na kifungo kimoja.

Jumamosi, 9 Juni

Mashaka kaondoka alfajiri. Kamuaga baba kiutani: "Usife nikiwa sipo, nitakosa pombe ya matanga." Baba hakucheka.

Jumapili, 10 Juni

Sikwenda misa. Mzee Salumu wa dukani, jirani yetu, kaja kumwogesha baba. Mungu ambariki. Kasema leo tu, duka halina mtu.

Jumatatu, 11 Juni

Hakuna aliyekuja. Chumba kinanuka. Nimegeuza mgongo mlangoni nikaisukuma ndoo ya maji ndani kwa mpini wa jembe. Ndivyo tunavyouguza mtu nyumba hii, kwa jembe. Nimelia kidogo, halafu nimecheka. Ilimwagika yote.

Jumanne, 12 Juni

Ameanguka.

Mchana, jua kali, majirani wote mashambani. Alijikokota mwenyewe kwenda chooni, akaishia katikati ya ua. Nilisikia kishindo. Nikaita kwa Salumu, kimya. Nikaita njiani, kimya. Baba kalala kifudifudi, shuka imemtoka. Nikazunguka ua kama kuku aliyekatwa kichwa. Mkwe hagusi mkwe. Toka nazaliwa nimeambiwa.

Nikavua kanga yangu ya juu, nikamfunika. Nikamshika chini ya makwapa nikamburuta hadi kivulini, halafu ndani. Ni mwepesi. Sikujua kama ni mwepesi hivyo. Njia nzima alijiziba uso kwa mikono miwili, na mimi nikatazama paa. Nikamgongesha kichwa kwenye mwimo wa mlango kwa sababu ya hilo paa.

Nimemwosha vumbi na damu ya goti. Nikatoka. Sijutii.

Jumatano, 13 Juni

Baba hali kitu. Uji wa asubuhi umerudi kama ulivyokwenda, wa mchana vilevile. Ni aibu ya jana. Nami sikuthubutu hata kukohoa karibu na ule mlango.

Baada ya chakula Vero kalala usingizi kwenye mkeka, pale kizingitini kwa babu yake. Mara nasikia sauti ya baba: "Vero. Mwambie mama yako goti limepoa."

Vero anakoroma.

Nikajibu toka nje, mgongo ukutani: "Vero, mwambie babu nimefurahi."

"Vero, muulize mama yako, Mashaka kaondoka kwa nini?"

"Vero, mwambie babu, mtu hawezi kuacha shamba lake bure. Niliomba mizinga, shemeji Kasiano akakataa."

Baba akauliza tena: "Vero. Mizinga ya nani?"

Tumeulizana wote, Kakese na Mpanda, mama wa viazi hadi amechoka kubeba majibu. Mwenye mizinga yuko chumba cha pili na hakuna aliyemuuliza! Mimi nilinyamaza kwa heshima. Kasiano sijui alinyamaza kwa nini, labda ninajua.

"Vero, mwambie mama yako amwite Mashaka. Na alete uji."

Nimempelekea mwenyewe. Nimeweka kizingitini, juu ya Vero karibu nimwage. Kala wote.

Jumamosi, 16 Juni

Siku ya kelele.

Kasiano kaja saa nne, baiskeli imepakia madebe ya asali na vipande vya nta, anapeleka Makanyagio kwa mnunuzi. Hajashuka vizuri kaanza kufoka. Amesikia nimemshika baba. Mkwe kamwona mkwe, mwiko umevunjwa, nitoe mbuzi wa kusafisha nyumba.

Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwiko wa ugali mkononi. Nikamwambia: "Mbuzi nitatoa, shemeji. Lakini kwanza nitajie aliyetakiwa kumwinua. Taja jina, nikamwombe msamaha kwa kumnyang'anya kazi yake."

Akainama kukaza kamba za madebe.

Mashaka naye ndiyo anaingia, vumbi hadi kwenye nyusi. Agizo langu lilimpata jana. Hakusalimia mtu. Kaizunguka ile baiskeli mara moja, kama mtu sokoni.

"Yangu hii," akasema. Akaisukuma moja kwa moja hadi chumbani kwa baba, asali, nta na kengele vyote.

"Mashaka, nta ya watu hiyo! Mnunuzi ananisubiri!"

"Akusubiri. Mtani akishika kashika. Au unakasirika? Semeni nyie, huyu anakasirika?"

Majirani walishajaa uani. Kukasirikia mtani ni aibu kuliko kuibiwa. Kasiano akajilazimisha kucheka, meno nje, macho hayacheki kabisa. Toka ndani tukasikia kengele ya baiskeli, kri kri kri. Ni baba anaipiga! Kisha akaita: "Kasiano! Njoo uchukue nta yako. Uje na maji ya kuoga."

Akaingia. Walikaa humo hadi jua likageuka. Kasiano kamwogesha baba yake, Mashaka akimwelekeza kwa matusi. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Kaniambia mgongo wa baba una vidonda, hakujua. Nikamwambia sasa unajua. Nikampa ugali.

Jumapili, 17 Juni

Kikao baada ya misa. Baba kabebwa nje, kakalishwa juu ya ngozi. Mimi nilikaa nyuma ya ukuta wa jiko, lakini sauti yangu haikukaa nyuma.

Baba kasema mizinga ya ng'ambo ya mto ni ya kumlea yeye. Mtoto wa Mashaka atairina, Mashaka abaki hapa. Yeye baba akifa ndipo wanawe wagawane, wasianze kabla. Mizinga mingine Kasiano aendelee nayo, na kila akirina alete debe moja la nyumba hii. Mimi nikaongeza toka jikoni: na Jumapili moja moja aje amwogeshe mwenyewe, Mashaka apumzike. Wakatazamana. Baba kasema ndiyo.

Anselmi hayupo lakini naye kapewa lake. Vya dukani vyote ni juu yake.

Lile la mbuzi, baba kasema mwenye deni ni yeye. Kamtuma Mashaka akamate kuku, yule mweupe, anipe mbele ya watu. Kuku huyo ndiye wa kulegeza mwiko, sasa naruhusiwa kumwamkia na kumpa chakula kwa mkono. Kuogesha hapana, na hata mimi sitaki. Nilipopokea kuku nikamwamkia, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Mashaka akasema kuku huyo kakonda, mzee ameniibia.

Ijumaa, 22 Juni

Baridi. Moto unawaka vizuri. Baba kanyamaza, watoto wamenyamaza, Mashaka anakoroma kwenye ukumbi. Sijachoka leo kama nilivyozoea kuchoka.

Kesho treni inaondoka. Barua ya Anselmi nitaandika asubuhi. Vya kumwambia atume:

Sabuni ya mche, miwili. Mmoja hautoshi, asijidanganye.

Amerikani ya shuka, ya kubadilisha mara mbili.

Blanketi zito. La baba limekuwa wavu.

Dawa ya vidonda, ile ya kopo, amuulize dresa wa zahanati ya huko. Na pamba.

Mafuta ya taa Salumu ametukopesha. Atume ya kurudisha.

Vifungo vya shati. Asiulize kwa nini.

Tumbaku ya kunusa, kidogo.

Wembe wa kunyolea. Mashaka ana kisu tu, na baba analalamika ananyolewa kama mbuzi. Huo utangulie.