Mkazo wa Toten

Jumatatu, 4 Novemba
Taarifa ya saa moja asubuhi. Nimesoma POliti. Miaka ishirini na sita nasoma habari redioni Oslo, na polisi ni poliTI, mkazo mwishoni. Kwetu Toten, mashambani, maneno ya kigeni tunayatilia mkazo mwanzoni: BAnan kwa ndizi, STAsjon kwa stesheni. Hayo niliyaacha nyumbani. Leo yamerudi bila mimi kuchagua.

Vigdis, mhariri wangu, kafurahi! "Hatimaye mzee umevua tai! Nilidhani ulizaliwa studio."

Jumanne, 5 Novemba
Leo mkazo umehama mara nne. Wasikilizaji wameandika — pongezi tupu. Mmoja kamkumbuka babu yake. Hapa ukisoma habari kwa lahaja ya kwenu, wewe shujaa. Nani atauliza kama ulimi unakutii?

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, kofi moja kwa kila silabi. Po. Li. Ya tatu haikuja. Kofi lilikuja.

Naogopa.

Jumatano, 6 Novemba
Kwa daktari. Nimesema mkazo unahama, silabi zinapotea. Kacheka kwa upole: naye akichoka huongea kama bibi yake. Presha iko juu kidogo. Nipunguze kahawa.

Ganzi ya mkono wa kulia sikumtajia. Angeniondoa hewani siku hiyohiyo.

Alhamisi, 7 Novemba
Dada yangu Gunvor kapiga simu kutoka Toten. "We! Mbona unaongea kama baba?" Tukacheka. Kisha kapoa. Kama baba wa mwaka ule wa mwisho, kabla hajafa, kasema.

Nimemwambia mtandao unasumbua.

Ijumaa, 8 Novemba
Habari ya kwanza: basi limepinduka, ambulanse tatu zimekwenda. Nikasoma "am" — nikakwama hapo. Karatasi imeanguka kutoka mkono wa kulia, sikuhisi. Vigdis kaweka muziki, kaingia anacheka, anifiche aibu. "Neno zima umelimeza! Huko Toten silabi mnazilipia ushuru?"

Nilitaka aniitie hiyohiyo ambulanse. Ikatoka "am". Nikarudia. "Am."

Kacheka hadi kafuta machozi. Kanipiga begani, kaenda kuleta kahawa.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Chini hapa nimeandika kwa herufi kubwa, za kusomwa na mtu mwingine:

SI LAHAJA

Mlango unafunguliwa. Vikombe viwili. Bado anacheka.