Kikopo cha Baba, Kifua cha Mama

Tunduru,
Jumapili, baada ya misa.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kaa kwanza. Najua ukipewa karatasi huisoma umesimama mlangoni, jicho moja kwenye maneno na jingine kwa kuku. Safari hii kaa, na goti lako lipumzike. Linaendeleaje? Migomba ya kule bondeni imepona mnyauko, au mmeishia kuing'oa? Mvua je? Huku hakuna mvua. Kuna korosho, vumbi jekundu, na wanafunzi wanaocheka kila nikisema kwamba kwetu ndizi ni chakula cha mchana wala si tunda.

Mimi ni mzima. Nimemaliza dawa, nimepimwa tena, na nimeambiwa kifua changu hakina wadudu. Nimerudi darasani. Bado nachoka nikipanda ngazi za maktaba, lakini nalala usiku kucha bila kulowesha shuka kwa jasho, na nguo zangu za zamani zimeanza kunikaa.

Ningekupigia simu. Lakini simu ya nyumbani inakaa mfukoni mwa Baba, naye huiweka sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, na wewe ukipewa unasema, "Sisi wazima, salamu tu." Nimechoka na salamu tu. Ndiyo maana nimeandika.

Nianze na kikapu, maana kimenikaa kooni tangu likizo ya Juni. Nilifika Isingiro jioni, kwa bodaboda kutoka Rubwera, vumbi mpaka kwenye kope. Mashemeji wa mdogo wangu Jeni walikuwa wamekuja kutoka Rugu. Ulileta kikapu cha kahawa za kutafuna, ukachukua punje yako kwanza ukaitia mdomoni, kama desturi inavyotaka, wageni waone kwamba unachowapa hakina ubaya. Kisha ukakipitisha. Kikaenda kwa Baba, kikaenda kwa mashemeji, kila mtu akaingiza vidole vyake. Kilipofika kwangu ukakiinua, kikapita juu ya kichwa changu kwenda kwa aliyekaa upande wa pili. Mimi ukaniwekea punje zangu kwenye kipande cha karatasi ya daftari.

Shemeji yule mnene akacheka. "Mwalimu siku hizi anafungiwa kahawa kama karanga za stendi!"

Baba akamjibu, "Mwache. Ana lake kifuani. Amelitoa huko kusini."

Wewe ulitazama chini. Kisha Baba akakohoa. Alikohoa mpaka akashika nguzo ya mlango, Kemi wangu akiwa mapajani kwake, uso wake mdogo mbele kabisa ya mdomo wa babu yake, na dirisha la sebuleni limezibwa kwa kiroba cha mbolea kwa sababu ya baridi. Hakuna aliyeshtuka. Shemeji alimwambia tu, "Pole mzee, punguza kiko." Asubuhi nikakuta kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake, kisichanganyike na vya wengine.

Mama, wakati huo nilikuwa nimemeza dawa kwa muda wa kutosha, na tabibu wa kituo cha afya alikuwa ameniambia siambukizi mtu tena. Nilikueleza. Nilikueleza pia kwamba ugonjwa huu wa kifua kikuu haukai kwenye kikombe wala kwenye kikapu. Unakaa kwenye hewa ya chumba kilichofungwa ambamo mtu mwenye nao anakohoa. Uliitikia, "Ndiyo mwanangu," kisha ukaenda kukisugua kikombe changu kwa majivu peke yake. Kikapu mlikiogopa. Hewa hamkuiogopa.

Nikwambie sasa jambo ambalo sikukwambia wakati ule. Nilipoanza kukohoa damu huku, mtu wa kwanza kujua alikuwa mwenye nyumba wangu, Bi Somoe, mjane Mwislamu mwenye ulimi mkali, ambaye hatuchangii naye kabila wala dini. Alinipeleka kituoni yeye mwenyewe. Tuliporudi aling'oa pazia la dirisha langu akaniambia, "Hewa ipite, mwali. Ukiona baridi, jifunike." Wiki zile za mwanzo alinikalisha barazani mimi nimejifunga barakoa, naye akikaa upande upepo unakotoka, tukipiga soga kama watu wawili walio kando mbili za barabara. Waliporuhusu, aliniita tukala ugali sahani moja. Nikasita. Akanigonga kidole: "Kula! Nesi kasema haumo kwenye sahani. Au mboga yangu ndiyo unaiogopa?" Nililia, Mama, mbele ya kisamvu cha mtu baki. Nilikuwa nakuwaza wewe.

Kituoni waliniuliza kama nyumbani kuna mtu anayekohoa. Nikasema, baba yangu, kwa muda mrefu, wenyewe wanasema ni kiko. Nesi akaacha kuandika akanitazama. Akauliza nilikaa naye lini. Nikamwambia mwaka mzima, baada ya kujifungua, chumba cha pili kutoka chake, ukuta usiofika juu. Akauliza, "Na mtoto yuko wapi?" Nikasema, "Yuko hukohuko."

Siwezi kuapa kwamba niliupata kwa Baba. Mdudu hana cheti cha kuzaliwa. Lakini yeye alikuwa anakohoa kabla yangu, na kijiji kizima leo kinaamini kwamba mimi ndiye niliyeupakia kwenye basi nikawaletea.

Ndipo, kabla ya likizo ile ya Juni, kituo cha huku kikawasiliana na cha huko, na Donata akatumwa kwenu. Donata, mhudumu wa afya wa kijiji, yule ambaye wazazi wake walitoka Rwanda na baba yake akawa anapalilia kibanja chetu cha migomba. Alikuja na kikopo chenye jina la Baba. Akaeleza vizuri, Jeni alikuwepo akanisimulia: makohozi ya asubuhi, yatoke ndani kabisa kifuani, siyo mate ya mdomoni. Na mtoto apelekwe hospitali, maana wadogo kama yeye huugua haraka, na asiyeugua hupewa dawa ya kumkinga. Baba akamwambia, "Mate yangu yabebwe barabarani na mtoto wa kibarua wangu? Ayapitishe wapi, kwa nani?" Donata alikiweka kikopo mezani. Alisema tu, "Nitapita kesho kukichukua, mzee."

Kesho yake akakuta kikopo kimejaa. Majibu yakarudi: hakuna wadudu. Baba akaenda na karatasi ile kila kunakonywewa rubisi. "Someni! Someni kifua cha mwanamume!" Na kuanzia siku hiyo ikawa hakuna haja ya kumpeleka Kemi popote, kwa sababu nyumba ni safi, mchafu ni mimi.

Mimi nami niliiamini karatasi ile. Nililala juu yake kama mto.

Mpaka juma lililopita, Baba aliposahau simu nyumbani ukapokea wewe. Ulikuwa na furaha, unachambua maharage, nayasikia yakianguka kwenye ungo. Nikamuulizia Kemi. Ukasema, "Yupo. Kikohozi kidogo tu, ni hali ya hewa. Amepungua, chakula anakisukuma. Mchana hachezi sana, analala kwa babu yake." Ulisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Nikasema, Mama, afadhali Baba alipimwa, ningeogopa sana. Ukacheka. Nakumbuka kile kicheko vizuri kuliko nyimbo zote ulizoniimbia.

"Ee, Adve, nawe! Baba yako ampe mtu mate yake? Nilikohoa mimi, nyuma ya jiko. Si tumefundishwa kanisani mume na mke ni mwili mmoja?"

Mwili mmoja, Mama. Lakini mapafu yako ni yako, na yake ni yake.

Nilikata simu. Ukasema baadaye kwamba mtandao wa huku ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya darasa la kidato cha pili, nikafikiri: kwa hiyo tunajua jambo moja. Wewe siku ile hukuonekana na wadudu, Mungu ashukuriwe. Karatasi anayotembea nayo Baba ni yako. Umekipima kifua chako ukakipa jina lake, ukampa na ruhusa ya kumkoholea mwanangu.

Nimejiuliza kama ulifanya kwa hofu au kwa mapenzi, na sijui ni lipi lingeniuma kidogo. Ulimlinda. Umemlinda maisha yako yote: ulimlinda na wadai, na ndugu zake, na aibu ya ulevi. Sasa umemlinda na dawa inayotolewa bure.

Lakini simfanyi Baba mjinga. Najua kisa cha kaka yake. Tumekua tukisimuliwa jinsi Baba Mkubwa alivyokonda, akakohoa mpaka akafa, na jinsi walivyosema kuna mtu aliyezoa mate yake njiani kwa jani la mgomba akayapeleka kwa mganga. Baba alikuwa kijana, ndiye aliyekuwa anamshika kaka yake akikohoa. Tangu hapo mate yake anayafukia kwa mguu. Nimemwona tangu utoto. Mama, umewahi kujiuliza ni mate ya nani yaliyomuua Baba Mkubwa? Mimi nadhani hakuna aliyezoa kitu. Nadhani alikufa kwa ugonjwa huuhuu, ndani ya chumba kilichozibwa hivyohivyo, na wakati kijiji kinamtafuta mchawi, mdogo wake alikuwa anavuta pumzi ileile.

Kwa hiyo nilikwenda maabara ya huku nikamwuliza kijana anayepima, makohozi ya watu huenda wapi mkimaliza. Alinishangaa, akanijibu: huuawa kwa dawa, kisha kikopo na vilivyomo huchomwa moto. Hakitoki nje kitu. Mwambie Baba hivyo. Mwambie hakuna haja Donata abebe. Aende mwenyewe, akishike kikopo kwa mkono wake mwenyewe, akohoe palepale uwanjani pa kituo, kwenye upepo, amkabidhi mpimaji macho kwa macho. Akitaka, asubiri aone moshi. Mzee anayeogopa kuchukuliwa mate yake hana mahali salama pa kuyapeleka kuliko hapo. Na akikutwa nao, aambiwe na mimi, siyo na mtu mwingine, kwamba ugonjwa huu unapona. Dawa zitamgeuza mkojo rangi kama ya fanta, asije akasema amerogwa. Atachukia harufu ya chakula kwa muda. Asiache katikati hata akijisikia ng'ombe dume. Nimepita njia hiyo. Naweza kumshika mkono.

Nawe pia urudi ukapime, safari hii kwa jina lako. Karatasi ile ni ya zamani sasa, na umeendelea kulala chumba kimoja naye.

Lakini hayo ni ya Baba na yako, na mnaweza kuyabishania mpaka senene waanguke tena. La Kemi siliweki kwenye mabishano.

Inua macho, Mama. Jeni amekaa mbele yako. Nilimtumia barua hii kwa basi mpaka Rugu nikamwomba akuletee kwa mkono, na asinywe hata chai kabla hujaimaliza. Hakuja kusalimia. Amekuja kumchukua Kemi. Kesho asubuhi atampeleka hospitali ya Karagwe. Watamsikiliza kifua, watampima uzito, watampiga picha. Akiwa anaumwa ataanza dawa, zipo za watoto, zinayeyuka kwenye maji. Akiwa haumwi atapewa ya kinga. Kisha atakaa Rugu kwa Jeni, kwenye nyumba yenye madirisha, mpaka Baba apimwe kwa kifua chake mwenyewe. Shule ikifungwa nitakuja kumchukua.

Najua Baba atasema nini. Atasema mtoto haondoki kwenye boma lake kwa amri ya mwanamke. Safari hii usikohoe kwa niaba yake. Mwache aseme, na wewe ufunge nguo za mtoto. Mwekee sweta ya kijani, na kile kitambaa anacholalia, hata kama kimechakaa. Mwambie mama anakuja. Usimwambie kwamba naumwa; siumwi tena.

Nisalimie shangazi anayekaa chini ya kanisa, na umwambie kikapu alichonisukia ninacho. Msalimie mjomba, fundi baiskeli. Msalimie Donata; mwambie nasikitika kwa tusi alilotukanwa kwetu, na nasikitika zaidi kwamba alitembea njia yote ile kubeba kitu cha uongo. Baba mpe shikamoo yangu. Msomee barua hii ukiweza. Usiruke palipoandikwa jina lake.

Nitakapokuja pitisha kikapu cha kahawa juu ya kichwa changu ukitaka, au unifungie tena kwenye karatasi. Nimekwisha kuzoea kuitafuna hivyo. Ila nikikuta kile kiroba bado kimeziba dirisha, nitakitoa kwa mikono yangu kabla sijakusalimia.

Sasa mpe Jeni mtoto.

Wako,
Adventina, mama yake Kemi.